Nguo za Alhamisi

Dirisha la kubadilishia nguo lilikuwa tundu tu ukutani, pana kiasi cha kupitisha furushi dogo, tena liliwekwa chini makusudi ili kila anayelifikia ainame. Dobi alikuwa mtu mrefu. Kwa Alhamisi tisa mfululizo alikuwa ameinama mbele ya tundu lile kama anayetafuta kiatu mvunguni, na mara zote tisa askari wa ndani alimwambia neno lile lile.

"Inama vizuri, mzee, nikuone uso."

"Uso ni ule ule wa wiki jana, afande."

"Wiki hubadilisha watu. Mahabusu wako nani?"

Dobi alitaja jina la binti yake, na la baba, ambalo ni lake mwenyewe, na la babu, kama ilivyoagizwa. Askari alipitisha kidole daftarini, akavuta furushi safi ndani, akasukuma furushi chafu nje, kisha akaelekeza kidevu kwenye kidau cha wino.

"Weka dole."

"Najua kuandika, afande."

"Saini hughushiwa. Dole halisemi uongo."

Juu ya kila ukurasa wa daftari lile palipigwa chapa sentensi moja: *Nimepokea nguo zilizovaliwa na mahabusu wangu, ambaye yu salama.* Chini yake madole yalijipanga safu kwa safu, yote ya zambarau. Wino huo ulikuwa umenunuliwa kwa ajili ya uchaguzi, ule ulioahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, mara ya pili kwa sababu ya kiangazi, na mara ya tatu bila sababu. Chupa zake, ili zisiharibikie ghalani, ziligawiwa vituo vya polisi. Dobi, ambaye hakujua doa lililowahi kumshinda, alikuwa amejaribu sabuni, ndimu, chumvi na majivu. Wino ule hautoki. Husubiri ngozi yenyewe ichakae.

"Angalau nyinyi mmeshapiga kura," askari alipenda kusema, na watu wa foleni walikuwa wamejifunza kutocheka wala kununa.

Kando ya tundu palibandikwa bati lenye orodha ya marufuku: kalamu, penseli, karatasi, kitabu, mkanda, kamba za viatu, kioo. Kuonana na mahabusu hakukuwamo katika orodha, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba mtu angethubutu kuomba.

Ukuta ulipopinda, mahali askari asipoweza kuona, Muuza Ndoo alikuwa akimsubiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na kelele za soko. Mumewe, fundi wa baiskeli, alikamatwa siku ile ile aliyokamatwa binti wa Dobi.

"Kaka, nisomee."

Dobi aliikunjua suruali ya fundi, akaigeuza ndani nje, akaileta karibu na pua bila kuona haya. Wengine wanne au watano walisogea. Tangu wiki ya pili, walipogundua kwamba dobi aliona ndani ya nguo yale ambayo wao hawakuyaona, walikuwa wakimngoja hapo kama wagonjwa wanavyomngoja daktari.

"Magoti yamechakaa. Anapiga magoti sana."

"Anasali?"

"Anasugua sakafu. Tazama, maji yamepanda mpaka hapa, na yana harufu ya dawa ya choo."

Muuza Ndoo alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka kumi na tisa namwomba afagie japo uvungu wa kitanda. Serikali hii ina uwezo, jamani, tusiidharau."

"Ana nguvu," Dobi alisema. "Asiye na nguvu hatoi jasho la namna hii."

"Basi inatosha. Mtu hajui hata kuandika jina lake, wanasema kasambaza vikaratasi. Nikawaambia, huyo mkimpa kikaratasi atafungia karanga." Aliikunja suruali kwa uangalifu, kama barua. "Na Shoto wetu anasemaje?"

"Nitamsoma nyumbani. Mama yake anangoja."

Kusoma nguo hakukuwa uganga. Ni kazi ya miaka thelathini na minne. Mtu anaweza kumdanganya mkewe, hakimu na Mungu wake, lakini ukosi wa shati lake humtoa kama alivyo, na Dobi aliwajua watu wa mtaa wake kwa makwapa, kwa mapindo, kwa mifuko. Alimjua anayekula akitembea na anayelia akijifutia mkono wa nguo. Siri hizo zote aliziloweka na kuzimwaga mferejini. Hakuwahi kumtolea mtu hata moja.

Binti yake alimjua kwa mkono wa kushoto. Shoto, walimwita hivyo nyumbani, kisha wanafunzi wake wakamwita Mwalimu Shoto, na hata mwalimu mkuu alisahau jina la kwenye cheti. Kwa kuwa aliandika kwa kushoto, mkono wake ulifuata nyuma ya kalamu na kuyafuta maneno kabla hayajakauka. Pindo la mkono wa kushoto wa kila blauzi yake lilirudi nyumbani na wino: wa buluu siku za kawaida, mwekundu siku za kusahihisha. Baba mtu alikuwa amelifikicha pindo hilo maelfu ya mara, akinung'unika kwa mazoea.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, baba," alimwambia jioni ya kuamkia maandamano ya kudai uchaguzi.

"Na hizo nguo utakazozivua, nani atazifua?"

"Si wewe? Nina dobi wangu."

Walicheka wote watatu, yeye, baba na mama. Kesho yake alipanda juu ya dawati mbele ya jengo la tume ya uchaguzi akawasomea watu kifungu cha sheria kinachotaja siku ya kupiga kura. Hakuongeza neno lake hata moja. Walimshusha kabla hajafika nukta.

Blauzi ya Alhamisi ya kwanza ilinuka hofu, jasho kali lisilofanana na la kazi. Ya pili ilikuwa na chokaa mgongoni. Amepata ukuta wa kuegemea. Ya tatu ilikunjamana ubavu wa kulia tu, na usiku ule Dobi hakumwambia mkewe kwa nini mtu hulala upande mmoja wiki nzima. Ya sita ilikuwa na tone la uji kifuani, nao wakalifurahia tone lile kama wakwe waliopokea mahari. Na zote nane zilichafuka zaidi pindo la kushoto. Hakuwa na kalamu, lakini alikuwa na mkono.

"Anasemaje leo?" aliuliza mkewe. Miguu yake ilikuwa imevimba, hivyo alimsubiri juu ya kigoda kando ya karai, maji yakiwa tayari.

Dobi alifungua furushi la tisa.

Blauzi ilikuwa chafu. Ilikuwa chafu sana, tena ya udongo mwekundu, kifuani, tumboni, mabegani. Aliigeuza ndani. Akaigeuza nje. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Udongo ulikuwa umekaa juu ya nyuzi, kama vumbi juu ya meza. Ndani, kitambaa kilikuwa cheupe. Ukosi, upande unaogusa shingo, ulikuwa mweupe. Makwapa yalinuka sabuni, sabuni yake mwenyewe. Na katikati ya mgongo, chini ya uchafu ule wote, ulisimama mkunjo wa pasi aliouweka kwa mkono wake Jumatano ya wiki iliyopita, umenyooka, haujavunjwa na kiti, wala na ukuta, wala na pumzi.

"Baba Shoto. Anasemaje?"

"Ni chafu," alisema Dobi. "Hajambo."

Hakuifua. Aliitundika msumarini nyuma ya mlango, akaliosha karai ambalo halikuwa na uchafu, akamwaga maji.

Jioni, redio ya jirani ilimleta msemaji wa serikali, mtu mwenye sauti nyororo, akiwajibu mabalozi waliouliza habari za waliokamatwa. Hao wote wako salama, alisema. Kila Alhamisi hubadilishana nguo na jamaa zao, na jamaa wenyewe wamethibitisha kwa alama za vidole. Daftari lipo, anayetaka aje alitazame. Mkewe Dobi alifumba macho akasema afadhali. Dobi alikitazama kidole gumba chake. Kwa mara ya kwanza alitamani kukikata.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, siku ya kupeleka sare za Mkuu wa Kituo. Alikuwa amezifua kwa miaka kumi na miwili, na baada ya Shoto kukamatwa hakuacha. Kuacha kungekuwa tamko. Tena, moyoni, alikuwa amehesabu kwamba sare iliyotiwa wanga vizuri huenda siku moja ikasema neno mahali ambapo yeye hasikiki.

Mkuu alizipokea mwenyewe, akapitisha ukucha juu ya mkunjo wa suruali.

"Ungeweza kukata mkate na hii," alisema. "Kaa, Dobi. Mke wako miguu inaendeleaje?"

Dobi hakukaa. Alitoa blauzi chini ya sare, akaitandika juu ya meza, juu ya mafaili.

"Afande, hii haijavaliwa."

Mkuu aliitazama kama mtu anavyotazama nguo. "Mbona chafu?"

"Imechafuliwa. Haijavaliwa."

"Kuna tofauti?"

Lilikuwa swali la upole, na pengine ndilo lililomponza. Katika miaka kumi na miwili hakuna mtu wa cheo aliyewahi kumuuliza Dobi jambo lolote kuhusu kazi yake. Hasira aliyoamka nayo ilipata mlango, na ikatoka kwa mpangilio, kama fundi anayemfundisha mwanagenzi mzembe.

"Mtu huchafua nguo kutoka ndani, afande. Jasho halitoki barabarani, latoka mwilini. Ukosi huanza kuwa wa manjano huku, upande wa shingo. Huu ni mweupe. Hapa kwapani pangekuwa na chumvi. Hapa mgongoni, mtu akikaa mara moja tu mkunjo huu unakufa. Huu uko hai." Alisikia neno hilo likimtoka, akasogeza kidole mpaka pindoni. "Na mwanangu ni shoto. Nimemfulia tangu yuko darasa la kwanza. Pindo la kushoto halijawahi kurudi safi. Siku zote lina wino. Aliyechafua hii kaanza na mkono wa kulia, kama watu wengine."

Mkuu alikuwa amevuta karatasi. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri.

"Ukosi, upande wa ndani," alirudia. "Endelea. Na nini tena?"

"Magoti, kwa wanaume. Na harufu. Nguo iliyovaliwa wiki nzima hainuki sabuni."

"Harufu." Aliandika. "Na pindo la kushoto, wino. Umemaliza?"

"Nimemaliza." Dobi alipumua. Malalamiko yake yalikuwa yameandikwa. Yalikuwa na karatasi, nayo ingekuwa na faili. "Afande, mwanangu yuko wapi?"

Mkuu alifunga kalamu. Alifungua droo, akatoa daftari la dirishani, akaligeuza ili Dobi alisome.

"Hili dole la nani?"

"Langu."

"Na hili? Na hili? Tisa, naona. La jana hata halijakauka vizuri. Hapo juu pameandikwa nini? Wewe si unajua kusoma?"

Dobi alikunja kidole gumba ndani ya kiganja.

"Pameandikwa kwamba nguo zimevaliwa na kwamba yeye yu salama. Sasa nisaidie, mzee wangu. Nimwamini dobi wa jana au dobi wa leo?"

"Jana sikuwa nimeifungua."

"Basi ulithibitisha usichokijua. Hilo ni kosa, lakini wewe ni mtu wetu, sitaliandika." Alilirudisha daftari drooni. "Alhamisi njoo kama kawaida."

"Nisipokuja?"

"Hiari yako. Ila fikiri. Mahabusu asiyeletewa nguo ni mtu asiye na jamaa. Asiye na jamaa tunamfuta daftarini. Na asiyemo daftarini..." Alifungua viganja vyote viwili juu ya blauzi, vitupu. "Wapo wengi waliovuka mpaka, Dobi. Kila siku tunasikia. Mama yake ungemwambia nini?"

Halafu akainuka, akachukua sare chafu kwenye kiti, akaikusanya na ile blauzi, akaziweka mikononi mwa Dobi.

"Hii wanga upunguze kidogo. Inanikata shingoni."

Dobi aliifua. Aliianika, akaitia wanga uliopungua, akawasha mkaa. Alipofika kwenye ukosi aliiacha pasi ikae. Aliihesabia: moja, mbili, tatu. Moshi mwembamba ulianza kunyanyuka. Mkewe alinusa kutoka ndani akauliza, kuna kinachoungua? Mkono ukaiinua pasi wenyewe, mkono wa miaka thelathini na minne, usiojua kuharibu, na Dobi aliuchukia mkono ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Hakuna," alijibu. "Ni mkaa tu."

Alhamisi ya kumi, foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na ilikwenda haraka kuliko kawaida. Watu walipokea, wakaondoka kuelekea pale ukuta unapopinda wakishikilia mafurushi kifuani. Dobi alipofika aliinama. Askari hakumwambia ainame vizuri.

"Mzee Dobi," alisema, na hilo nalo lilikuwa jipya. "Mahabusu wako huyu hapa. Fungua hapo hapo, usione taabu."

"Marufuku kufungua dirishani."

"Leo ruksa. Amri ya juu."

Dobi alifungua. Blauzi ilikuwa imekunjamana mgongo mzima. Makwapa yalikuwa na chumvi. Aligeuza ukosi: njano, upande wa ndani, upande wa shingo, mahali pake hasa. Aliinusa. Ilinuka jasho la mtu. Mtu mwenye mwili na damu alikuwa ameivaa siku nyingi, akalala nayo, na huenda mtu huyo alikuwa mwanawe, akirudi kutoka upande ule ambako baba yake alikuwa ameshamzika kimoyomoyo. Na huenda alikuwa mwanamke mwingine yeyote aliyefungiwa nyuma ya ukuta ule na kuambiwa, vaa. Jasho halina jina. Ndiyo kwanza Dobi akalijua hilo, baada ya miaka yote ile. Kila alama aliyokuwa akiijua, sasa wao nao waliijua. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Kisha akaliona pindo la kushoto.

"Wino," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake, aliyekuwa amechungulia begani. "Mwalimu ana wino. Wamempa kalamu, sifa njema kwa Mungu, anaandika."

Neno likakimbia foleni nzima. Dobi alilitazama doa. Lilikuwa kubwa, limepakwa kwa bidii, kuzunguka pindo lote, nalo halikuwa la buluu wala jekundu. Polepole aliweka kidole gumba chake kando yake. Zambarau na zambarau.

"Dole, mzee," alisema askari, akisogeza kidau. "Watu wanangoja."

Wakati huo Muuza Ndoo alitokea kwenye kona ya ukuta akija upesi, ameinua shati la mumewe juu kwa mikono miwili. Alikuwa akicheka.

"Kaka, njoo uone vituko. Bwana wangu kajifunza kuandika." Aliunyoosha mkono wa kushoto wa shati, na pindoni palikuwa na doa la zambarau. "Miaka arobaini na sita hajawahi kushika kalamu. Tena kaishika kwa kushoto. Si nilikwambia serikali hii ina uwezo?"

Alimsubiri acheke naye. Nyuma yake, pale ukuta ulipopinda, wengine walikuwa wameanza kukunjua, mama wa mwanafunzi, ndugu wa dereva, babu wa mtu, mmoja baada ya mwingine wakiinua mikono ya kushoto ya mashati na magauni, wakiitazama, kisha wakitazamana.

Kicheko cha Muuza Ndoo kilibaki mdomoni, bila sauti.

"Kaka," alisema. "Mbona kimya? Nisomee."

"Dole, mzee," alisema askari.